Moja ndefu, moja fupi: mafundi wenye ujuzi na mfumo uliowanyamazisha

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Nairobi, katika hospitali 5 zilizokubaliana kutumia mfumo mmoja wa kompyuta ili mafundi wao wa vifaa vya tiba wapeane maarifa. Nilikuwa mratibu wa mfumo huo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu. Majina ya watu, ya hospitali, ya modeli za mashine na ya mfadhili nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Wahusika wakuu wamesoma rasimu na kuniruhusu niitoe.

Nimekiandika kwa ajili ya yeyote anayejenga au kusimamia mfumo wa namna hii, uwe wa mafundi, wahasibu, walimu au mawakili. Swali linaloulizwa kwanza kila mara ni hili: tuwape nini ili waandike? Nami nilianza na swali hilohilo, na ndilo lililotupoteza.

Usuli

Mashine ya hospitali ikigoma usiku, muuguzi humwita fundi wa vifaa vya tiba. Ni kazi isiyoonekana. Hapa Kenya wengi wao wamepitia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, na kwa hiyo wanajuana tangu zamani: huyu alisoma darasa moja na yule, yule alifanya mafunzo ya kazini chini ya huyu. Wakimaliza wanatawanyika. Hospitali kubwa ya umma huwa na warsha yenye mafundi kadhaa. Hospitali ndogo ya uzazi ina fundi mmoja tu, na huyo ndiye pia wa jenereta, wa stima na, siku ikiwa mbaya, wa mabomba ya maji.

Hospitali zetu nitaziita kwa herufi. A ni ya umma na kubwa. B ni ya umma pia, ndogo, upande wa Eastlands. C ni ya misheni. D ni ya binafsi. E ni ya uzazi, yenye fundi mmoja, mwanamke.

Kilichozileta pamoja ni oksijeni. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 tarehe 13 Machi 2020, na katika miezi iliyofuata kila hospitali ilikuwa ikihesabu mitungi yake. Zikaja konsentreta, yaani mashine zinazochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida, nyingine za kununuliwa, nyingi za msaada, za kampuni na modeli chungu nzima. Janga lilipopoa mashine zilibaki, zikaanza kuharibika moja baada ya nyingine, kila modeli na spea zake.

Niieleze konsentreta kidogo, maana kisa kizima kimeegemea hapo. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Kompresa inachukua hewa ya chumbani na kuisukuma kwa shinikizo ndani ya mkebe wenye punje za zeolaiti. Zeolaiti inaikamata naitrojeni, oksijeni inapita. Mikebe ni miwili na inapokezana zamu: huu ukichuja, ule unaitema naitrojeni nje, kisha valvu inageuza. Ndiyo maana konsentreta nzima husikika kama mtu aliyelala fofofo, pumzi baada ya pumzi, zote za urefu mmoja. Ikiwa na afya hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi. Ikishuka chini ya 82 haifai kuwekewa mgonjwa.

Kabla ya mfumo wetu maarifa haya yalisafiri kwa simu. Fundi alikwama, akampigia aliyesoma naye, akaelekezwa, kesho yake akasahau kuandika popote. Aliyefuata alikwama palepale. Tuliona hasara hiyo wazi, na tulikuwa sahihi kuiona.

Tulivyoanza

Mfadhili alitoa pesa za mwaka mmoja. Tulijenga mfumo ambao fundi akitengeneza mashine anaingia kwa pasiwadi na kujaza fomu yenye sehemu 19: modeli, dalili, vipimo, chanzo, spea, muda uliotumika na kadhalika. Kila fomu iliyokamilika ililipwa kredo ya simu ya shilingi 100. Mwisho wa mwezi tulituma jedwali kwa wakuu wa hospitali zote, hospitali zikiwa zimepangwa kuanzia iliyoandika zaidi.

Fomu ziliingia kwa wingi tangu wiki ya kwanza. "Filta imesafishwa." "Filta imesafishwa." "Plagi imebadilishwa." Fundi mmoja wa hospitali B alijaza fomu 14 kwa siku moja, zote za kusafisha filta. Hakudanganya. Siku hiyo alisafisha filta 14, na tukamlipa.

Fundi mkuu wa hospitali A hakujaza hata moja. Nitamwita Mzee, kama sote tulivyomwita. Alikuwa na miaka 27 kazini, na nusu ya mafundi wa mradi walikuwa wamepita mikononi mwake. Nilipomtembelea kumwuliza alinipokea vizuri, akaniagizia chai, akasema, "Tutaandika, mwalimu, kazi ni nyingi tu." Nikarudi ofisini na kuandika kwenye ripoti kwamba mafundi wa umri mkubwa wanaogopa kompyuta. Sentensi hiyo inaniuma hadi leo. Haikuwa kweli, na niliiandika bila kumwuliza swali la pili.

Usiku wa asilimia 74

Mwezi wa nne, hospitali C ilipata tatizo katika wadi ya watoto wachanga. Konsentreta iliyokuwa ikiwahudumia watoto wawili ililia alamu, na fundi wa zamu, kijana wa miaka michache kazini, alipoweka kipima oksijeni kwenye mashine kilisoma 74. Watoto walihamishiwa kwenye mtungi mara moja na hawakudhurika. Lakini mtungi ulikuwa mmoja, na muuguzi alikuwa kila baada ya muda anageuka kuangalia mshale wa geji.

Kijana alibadilisha filta. Alipima kompresa. Alipima stima. Akafungua mfumo wetu kwenye simu yake na kutafuta modeli ile, akapata maandishi 31. Yote yalihusu filta. Alikuwa ameshaamua kwamba zeolaiti imekwisha na asubuhi ataomba mikebe mipya, ambayo ni ghali na huchukua wiki kadhaa kufika. Kabla ya kuondoka, saa tatu na nusu usiku, alimpigia Mzee. Mazungumzo yao nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

"Mzee, habari ya jioni. Pole kwa kukusumbua."

"Sema, kijana wangu."

Kijana akaeleza. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ngoja kwanza. Weka simu karibu na mashine nisikie."

Aliilaza simu juu ya kifuniko cha mashine. Ikapita kama dakika moja bila neno.

"Sikia inavyopumua. Moja ndefu, moja fupi. Zeolaiti ikichoka, mikebe yote huchoka pamoja, pumzi zinabaki sawa. Hapo kuna upande mmoja unavuja. Una sabuni?"

Kijana alichukua sabuni ya maji ya kunawia mikono, akaichanganya na maji kidogo kwenye bakuli, akaipaka kwa pamba kwenye kila kiungo cha mpira, kimoja kimoja, mashine ikiendelea kufanya kazi. Kwenye mpira unaoingia mkebe wa kulia, chini ya klipu, povu lilianza kutoka kwa zamu: linafura, linatulia, linafura. Klipu ilikuwa imelegea na ukingo wa mpira ulikuwa umepasuka. Alizima mashine, akakata sentimita moja ya mpira uliopasuka, akausukuma upya mahali pake na kukaza klipu. Baada ya dakika 20 kipima oksijeni kilisoma 91, baadaye kidogo 93.

Alipopiga tena kushukuru, aliuliza, "Mzee, hii uliiona wapi?"

"Hapa kwangu, kama miezi miwili iliyopita. Mashine mbili za modeli hiyohiyo."

"Sasa mbona hukuiandika kwenye mfumo?"

Mzee alikaa kimya kidogo. "Ule mfumo wenu," akasema, "unanunua filta."

Kikao cha warshani

Kijana aliniambia hayo kesho yake. Niliomba mafundi wa hospitali zote 5 tukutane Jumamosi katika warsha ya hospitali C, bila wakubwa wao na bila mfadhili. Tulikaa kwenye viti vya kila aina, kimoja kilikuwa cha meno, na chai ya thermos na mandazi katikati.

Nilianza na swali moja: mara ya mwisho ulipomsaidia fundi wa hospitali nyingine ilikuwa lini, na ulimsaidia kwa nini? Kila mtu alikuwa na kisa cha wiki mbili zilizopita. Mmoja alikuwa amepanda matatu mbili Jumapili, kwa nauli yake, kwenda kutazama inkubeta, mashine ya kuwapa joto watoto wachanga, ya mwenzake. Hakuna aliyetaja pesa. Walisema: alikuwa amekwama, aliwahi kunisaidia, alinifundisha, nilijua jibu, ningenyamazaje?

Hapo ndipo nilipouliza kwa nini hawaandiki, nikanyamaza.

Mzee alisema kwanza lile la kredo. "Kijana akinipigia usiku, ameniheshimu. Nyinyi mkinitumia kredo ya mia, mmeniambia miaka yangu 27 bei yake ni hiyo." Halafu akasema la pili, ambalo sikulitarajia. Mkuu wake alikuwa ameliona jedwali letu la kila mwezi na kuuliza kwa nini mashine za hospitali yao zinaharibika hivyo. Kwa macho ya utawala, hospitali iliyoandika zaidi ndiyo iliyokuwa na warsha mbovu zaidi. Mzee aliona hatari mapema kuliko sisi, akaamua kuwakinga vijana wake kwa kunyamaza.

Fundi wa D alikuwa na la mkataba. Mashine zao ziko chini ya waranti, na mkataba unasema zifunguliwe na fundi wa msambazaji peke yake. Fundi huyo akichelewa siku tatu, mgonjwa hawezi kusubiri, kwa hiyo yeye huzifungua. "Nikiandika nilichofanya, nimejiandikia barua ya kufukuzwa."

Yule wa filta 14 alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema, "Mlisema mnataka fomu." Kisha akatoa simu na kutuonyesha picha za pampu ya dripu ambayo betri yake ilikuwa haishiki chaji. Alikuwa ameifungua, akatafuta seli zenye volti na ukubwa uleule katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue, akaziunga, akaijaribu benchini siku mbili kabla ya kuirudisha wadini. Wenzake walimvamia kwa maswali kwa robo saa. Hiyo hakuwa ameiandika kwa sababu fomu iliuliza namba ya spea, na seli ya Luthuli haina namba ya spea.

Wa mwisho alikuwa dada wa hospitali E. "Nyinyi mna warsha. Mimi pale niko peke yangu. Nikiandika, sijui kama kuna aliyesoma. Ni kama kuandika barua na kuitumbukiza kisimani."

Maamuzi na sababu zake

Kredo tuliiondoa wiki hiyohiyo. Mfadhili hakupenda, kwa sababu idadi ya fomu ndiyo iliyokuwa kipimo chake, na ilitubidi tumwandikie barua ndefu kueleza kwamba idadi itaanguka na kwamba tunataka ianguke. Kilichonisaidia kumshawishi ni mfano wa kampuni ya Xerox. Katika miaka ya 1990 kampuni hiyo ilijenga mfumo ulioitwa Eureka, ulioanza kutumika Ufaransa, ambamo mafundi wake wa mashine za kunakili waliwekeana madokezo ya matengenezo. Lilipoletwa wazo la kulipa kwa kila dokezo, mafundi hawakulitaka. Walitaka jina la mwandishi litokee kwenye dokezo lake.

Nasi tukaweka majina. Lakini jina peke yake lilikuwa jibu la nusu tu, kwa sababu ya lile la dada wa E: jina linasaidia nini kama hujui limesomwa? Tukaongeza kitu kidogo ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichookoa mradi. Chini ya kila andiko tuliweka sehemu ya aliyelitumia kuandika kilichotokea. Akiandika, ujumbe unamfikia mwandishi kwenye simu: fulani wa mahali fulani ametumia maelezo yako leo, mashine inafanya kazi.

Fomu ya sehemu 19 tuliitupa. Mfumo ukageuzwa uanze na swali: aliyekwama anaandika amekwama wapi, mwenye kujua anajibu, kwa maandishi au kwa sauti. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazini alisikiliza sauti hizo kila Ijumaa, akaziandika kwa ufupi na kumrudishia msemaji azikague. Mzee hakuwahi kuandika aya nzima. Alizungumza, na alizungumza vizuri mno.

Kazi ngumu ilikuwa kwa wakuu wa hospitali. Jedwali la mashindano lilifutwa. Tuliandika makubaliano ya ukurasa mmoja: hakuna jina la mgonjwa, hakuna wadi, hakuna picha yenye mgonjwa wala namba ya mashine, na hakuna andiko litakalotumiwa kumwadhibu aliyeliandika. La wagonjwa lilipita kwa urahisi, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 tayari inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. La adhabu lilichukua wiki 7. Tuliomba pia kila fundi apewe nusu saa ya kazi kwa wiki. Hospitali mbili zilikubali, tatu zikasema "tutaona".

Tulikwama kwenye jambo moja. Jina la fundi linaitambulisha hospitali yake, maana kila mtu anajua nani yuko wapi. Ukitaka sifa unahitaji jina, ukitaka usalama unahitaji kulificha. Tulitenganisha: matengenezo yaliyofaulu yana jina, makosa na nusura ya ajali huingia bila jina. Kwenye karatasi ilipendeza.

Matokeo

Maandishi yalipungua kwa zaidi ya nusu, kama tulivyotabiri. Yaliyobaki yalisomwa. Swali la usiku lilianza kupata jibu usiku huohuo, mara nyingi kutoka hospitali nyingine. Andiko la sabuni na klipu, la kijana wa C akimtaja Mzee kuwa ndiye aliyemwelekeza, lilitumiwa katika hospitali B na E kabla ya mwezi kwisha, na kila mara ujumbe uliwafikia wote wawili. Betri ya Luthuli ilileta mjadala mkali kuhusu usalama. Fundi mmoja aliipinga vikali, akasema betri ya mashine inayomtia mgonjwa dawa isichezewe, na mwishowe wakakubaliana kwamba njia hiyo itumike kwa pampu za kufundishia tu hadi spea halisi zipatikane. Mjadala huo ulikuwa na thamani kuliko fomu zote za robo ya kwanza.

Hospitali D ilijitoa. Wanasheria wake walisoma ule ukurasa mmoja na kuukataa kwa sababu ya mkataba wa waranti. Fundi wake aliendelea kupiga simu kama zamani, na wenzake waliendelea kumjibu.

Dada wa E akawa mwandishi anayetumiwa kuliko wote. Alikuwa bingwa wa inkubeta. Maelezo yake ya jinsi ya kujua kama ni kihisi cha ngozi kinachodanganya au ni hita iliyokufa, kwa kulinganisha kihisi na kipimajoto cha kawaida kwenye maji ya uvuguvugu, yalisambaa hadi nje ya mradi. Hapo pia ndipo tulipomwumiza. Jina lake lilipojulikana simu zilianza, Jumapili, usiku, wakati wa chakula. Kwa miezi miwili alijibu zote. Kisha akazima simu wiki nzima, na mkubwa wake akaniuliza kama nimemwajiri mfanyakazi wake bila kumwambia.

Na ile sehemu ya makosa yasiyo na majina ilibaki tupu. Mwezi, miwili, mitatu.

Uchambuzi

Ari ilikuwapo kabla yetu. Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji ashike. Mtu aliyepanda matatu mbili kwa nauli yake hahitaji kuchochewa. Sisi tulikuta watu wanaosaidiana, tukawawekea bei, fomu na jedwali, na kila kimoja kati ya hivyo kilibomoa sehemu yake ya kile tulichokikuta.

Bei ilibomoa maana. Mwanasaikolojia Edward Deci alionyesha jambo la karibu na hili mwaka 1971, huko Marekani: wanafunzi waliolipwa kutatua mafumbo, malipo yalipokoma, waliyachezea mafumbo hayo kwa muda mfupi zaidi katika nafasi yao kuliko walivyofanya kabla ya kulipwa. Kwetu haikuhitaji hata malipo yakome. Mzee hakuanza kabisa, na fundi wa B alianza kufanya kile hasa tulicholipia. Simlaumu. Alitusikia vizuri kuliko tulivyojisikia wenyewe.

Jedwali lilibomoa usalama, na hapa ndipo mifumo ya taasisi nyingi inapotofautiana na ya taasisi moja. Ndani ya warsha moja, kosa linabaki warshani. Likivuka ukuta linakuwa habari ya hospitali, na fundi si msemaji wa hospitali. Kabla hajaandika anajiuliza mkubwa wake ataona nini, mwanasheria ataona nini, msambazaji ataona nini. Tulimwomba avuke ukuta bila kumpa kibali cha kuuvuka. Yale makubaliano ya ukurasa mmoja yalipaswa kuandikwa kabla ya mstari wa kwanza wa programu. Tuliyaandika mwezi wa tano, na kama ningeanza upya ningezitumia zile wiki 7 kwanza, hata kama mfadhili angelalamika kwamba hatujajenga chochote.

Kuhusu jina na sifa, utafiti wa Molly Wasko na Samer Faraj, uliotoka 2005 na kuwachunguza wanasheria waliosaidiana kupitia mtandao, uliona kwamba watu huchangia wanapohisi mchango unawajengea heshima kitaaluma, na kwamba hawachangii kwa kutarajia kulipwa fadhila. Sehemu ya kwanza niliiona kwa macho yangu. Ya pili siikubali yote kwa kisa chetu. Dada wa E aliandika kwa sababu alihitaji kuwa na warsha. Hakudai fadhila ya mtu fulani, lakini alitaka kuwa ndani ya mzunguko wa watu wanaojibiana. Mtu anayefanya kazi peke yake ana sababu ya kushiriki ambayo mwenye wenzake kumi hana, na mifumo mingi huanza na walio wengi katika hospitali kubwa na kuwasahau hao walio peke yao.

Sifa pia ina gharama, nasi hatukuihesabu. Tulipomtangaza bingwa wa inkubeta tulimpa heshima na mzigo kwa mkupuo mmoja, na saa zake za kazi hazikuongezeka hata dakika. Baadaye tuliweka utaratibu wa maswali kuingia kupitia mfumo tu, namba za simu zikafichwa, na mafundi wengine wawili wakajifunza inkubeta chini yake. Ulikuwa mzuri. Ulichelewa miezi mitatu, na yeye ndiye aliyeilipia miezi hiyo.

Ile nusu saa ya wiki ilishindwa kote, hata kwa waliokubali. Fundi hawezi kukaa akiandika huku muuguzi amesimama mlangoni. Waliozungumza kwa sauti wakiwa njiani kurudi nyumbani ndio waliochangia kwa uthabiti.

Limebaki lile la makosa. Nilikuwa nimeamini kwamba ukificha jina mtu atasema. Hawakusema, na nilipomwuliza kijana wa C kwa nini, alinijibu kwamba kila mmoja angejua tu ni nani. Kati ya mafundi wachache wanaojuana tangu chuoni, mtu anatambulika kwa mashine aliyonayo na kwa namna anavyozungumza.

Aliyefungua mlango ni Mzee. Siku moja, bila kuniambia, aliweka sauti ya dakika mbili akiwa ametaja jina lake kamili. Alisema kwamba kabla ya zile mashine mbili kulikuwa na ya tatu, ya kwanza. Hiyo ya kwanza ilisoma 76, naye akaamua ni zeolaiti bila kupima uvujaji. Akaomba mikebe miwili mipya, akaifunga, mashine ikabaki palepale. Pesa za hospitali zilikwenda bure, na mashine ilikaa stoo wiki 6 wakati wadi inaihitaji. Siku aliyoamua kuifungua tena ndipo alipolisikia: moja ndefu, moja fupi. "Nilijifunza kwa mashine hiyo," alisema. "Nyinyi msijifunze kwa yenu."

Wiki iliyofuata makosa manne yaliingia, matatu yakiwa na majina.

Mzee alistaafu mwaka huo alipofikisha miaka 60. Wiki yake ya mwisho alimwomba yule mwanafunzi wa mafunzo ya kazini azunguke naye hospitali zote 4 zilizobaki, na simu ya kurekodi. Walirekodi konsentreta 22, nzima na mbovu, kila moja dakika moja, na baada ya kila sauti Mzee anaeleza anachokisikia. Ya mwisho ni ya hospitali C, ile ya asilimia 74. Inapumua sawasawa, na mwishoni anasikika akisema, "Hii sasa imelala."